Timu ya gemu ni ya nani?

Timu ya gemu hapa Sumbawanga huanza kishkaji: mmoja ana PlayStation, wenzake wana vipaji. Zawadi ya mashindano ikiingia ndipo ubishi unaanza, timu ni ya nani?

Tazameni Simba. Mfumo wake ni wanachama asilimia 51, mwekezaji 49. Mohammed Dewji alishinda zabuni mwaka 2017, dau bilioni 20. Septemba 2021 aliachia uenyekiti wa bodi kwa Salim Abdallah "Try Again", lakini akabaki mwekezaji. Juni 2024 akarudi kitini. Kiti kilihama, uwekezaji haukuhama.

Sasa nyie: mwenye mashine akihitimu, jina la timu na akaunti vinabaki kwa nani? Liandikeni kabla hamjalipa kiingilio cha kwanza.