Mkupo Si Mavuno: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kustaafu

Katika kata ya Gehandu, kama ilivyo katika kata nyingi za Mbulu na Hanang, wenye mshahara wa serikali ni wachache: walimu, wahudumu wa zahanati, watendaji wa kata na vijiji. Kwa sababu hiyo siku ya kustaafu kwao haiwi siri. Ndugu, majirani na wakopeshaji huanza kuzihesabu fedha za mstaafu kabla yeye mwenyewe hajazihesabu. Somo hili linakusudia kumwezesha mtumishi awe wa kwanza kuifanya hesabu hiyo.

Kwa watumishi walio wengi, kustaafu kwa hiari huanzia miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Mafao yao hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza tarehe 1 Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Ili kupata pensheni, mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180.

Kikokotoo kimezua mjadala mrefu nchini, na hatukusudii kuurudia hapa. Linalomfaa msomaji ni kujua kinavyofanya kazi. Kanuni zilizoanza tarehe 1 Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka 3 iliyo bora katika miaka 10 ya mwisho, huuzidisha kwa idadi ya miezi ya kuchangia, kisha hugawanya kwa 580. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takriban shilingi 7,448,276. Kwa kanuni hizo za 2022, asilimia 33 ya kiasi hicho ilizidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupo, yaani shilingi 30,724,138. Asilimia 67 iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12, naye alipokea shilingi 415,862 kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza sehemu ya mkupo, ifikie asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani na asilimia 35 kwa wengine. Hivyo kila mtumishi aulize Mfuko yumo katika kundi lipi.

Ile 12.5 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Maana yake ni kwamba mkupo ni theluthi ya pensheni ya mwalimu huyu kwa miaka 12 na nusu, iliyolipwa mapema kwa siku moja. Si zawadi, wala si mavuno ya msimu ambayo mwakani yatakuja mengine. Anayeumaliza mkupo katika mwaka wa kwanza amekula chakula cha uzee wake hadi apitapo miaka 72, ikiwa alistaafu akiwa na 60.

Tunashauri basi kwamba katika mwaka wa mwisho wa kazi familia ijaribu kuishi kwa kiasi kile kitakachokuwa pensheni ya mwezi, na tofauti iwekwe akiba. Zoezi hili ni gumu, lakini hufichua mapema ada ipi ya shule haitalipika na mkopo upi haujaisha. Akiba hiyo itafaa pia katika wiki za kusubiri malipo ya kwanza.

Kuhusu kuwekeza, wengi wetu mkoani Manyara hufikiria ng'ombe na mashamba kwanza, na si vibaya. Ila ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo wilayani Simanjiro, katika mkoa huu huu. Mstaafu asiweke fedha zote zizini. Hati fungani za Serikali hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi 6. Hazina msisimko wa mnada, lakini hazihitaji malisho.

Nyaraka zikaguliwe mwaka mzima kabla. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya kupandishwa cheo cha mwisho ziwe mkononi, na jina liwe moja katika zote na katika kitambulisho cha Taifa. Majina ya Kiiraqw huathirika zaidi hapa: aliyeandikwa Qwaray shuleni na Kwaray katika barua ya ajira atalazimika kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja, na ni afadhali afanye hivyo angali na ofisi na mwajiri.

Mkulima asiye na mwajiri hajaachwa nje. Anaweza kujiandikisha NSSF na kujichangia mwenyewe. Akianza na miaka 45 bila kukosa mwezi, atafikisha miezi 180 atimizapo 60.

Mwisho ni kuhusu wakopeshaji wanaodai kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba yake ya siri kama dhamana. Kadi na namba hiyo asipewe mtu yeyote, hata mwenye leseni, hata aliye jamaa. Aliyekwisha kuikabidhi aende benki yake, aifungie kadi hiyo na kuomba nyingine. Deni halali litabaki kudaiwa kwa mkataba wa maandishi, lakini pensheni itapita kwanza mikononi mwa mwenyewe.