HIARI NA KIAMBISHI -KI-: UTABIRI WA JINAI KATIKA "THE MINORITY REPORT"

1.0 Utangulizi

Je, tendo linaloweza kutabiriwa kwa hakika bado ni tendo la hiari? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika bunilizi ya kisayansi ya mwandishi Mmarekani Philip K. Dick, "The Minority Report" (1956), na katika filamu ya Steven Spielberg (2002) iliyotokana nayo. Inadaiwa hapa kwamba kosa la mfumo unaosawiriwa humo halimo katika uoni wa watabiri, bali katika namna kauli zao zinavyosomwa.

2.0 Ripoti Tatu

John Anderton ni mkuu wa idara inayowakamata watu kabla hawajatenda jinai. Watabiri ni watatu. Wawili wakiafikiana, ripoti yao hufuatwa na ya tatu huwekwa kando. Siku moja Anderton anakuta jina lake mwenyewe: atamuua Leopold Kaplan, mtu asiyemfahamu. Yaliyomo katika ripoti hizo yaweza kufupishwa hivi:

(1) Atamuua.
(2) Akijua kwamba atamuua, hatamuua.
(3) Akijua kwamba hatamuua, atamuua.

Kijuujuu, (1) na (3) zinaafikiana. Hata hivyo, kila ripoti imezuka baada ya ile iliyoitangulia kuingia katika maarifa ya mtendaji. Hata (1) ina sharti lililofichika: asipojua. Kwa hiyo hakuna ripoti ya wengi. Kuna ripoti tatu za mmoja mmoja. Wingi hupatikana tu pale kishazi tegemezi chenye -ki- kinapofutwa, na kishazi hicho ndicho kinachobeba hiari, kwa kuwa huonyesha kwamba mtu hutenda kwa kuzingatia anachokijua.

3.0 Kutoka -ta- hadi -ngali-

Mtuhumiwa akishakamatwa, -ta- haifai tena. Kinachobaki ni kauli hii: kama asingalikamatwa, angaliua. Utabiri wa mvua hupimwa kesho yake; kauli ya -ngali- haina kesho. Tendo la kukamata limeuondoa ushahidi ambao mshtakiwa angeutumia kujitetea.

Dick na Spielberg wanaachana hapa. Katika filamu, Anderton anakataa kumuua Leo Crow, ingawa Crow anakufa kwa bunduki iliyo mkononi mwa Anderton, na hatimaye idara inavunjwa. Katika hadithi, Anderton anamuua Kaplan kwa makusudi ili idara isianguke. Utabiri unatimia, lakini kwa uamuzi wake.

4.0 Hitimisho

Suala hili limekwisha kutoka katika bunilizi. Polisi wa Los Angeles walitumia programu ya PredPol kukadiria mahali ambapo uhalifu ungetokea, wakaiacha mwaka 2020. Programu hiyo ilitaja mahali, si watu. Hata hivyo, askari wakipelekwa mahali palipotajwa, hali iliyotabiriwa hubadilika. Mchambuzi wa lugha anapaswa kuuliza, mbele ya kila kauli yenye -ta- inayomhusu mtu, ni kishazi gani cha -ki- kilichoachwa nje, na nani aliyekiacha.