Stakabadhi ya kumbukumbu zako iko kwa jina la nani? Kabla hujachagua huduma ya wingu

Leo tunaweka kando mbolea na kantangaze. Nataka tuongee kuhusu mahali unapoweka kumbukumbu za biashara yako, maana msimu uliopita nimeona mzigo wa parachichi ukiporomoka bei kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na parachichi.

Ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa kikundi kimoja ninachokihudumia alinipigia saa mbili usiku. "Bibi shamba, tumekwama." Mnunuzi anayesafirisha nje alikuwa anakuja asubuhi na alitaka kuona kumbukumbu za upuliziaji: dawa gani, tarehe gani, kipimo gani, na siku ngapi zilipita kabla ya kuvuna. Kumbukumbu zilikuwepo, tena nzuri, nilishazikagua mwenyewe. Ila zote zilikuwa mtandaoni, kwenye akaunti ya barua pepe ya kijana aliyekuwa karani wao. Karani alishapata ajira mjini. Tulimpata kwa simu, wala hakuwa na kinyongo, alitaka kabisa kusaidia. Tatizo nywila ameisahau, na namba ambayo msimbo wa kuingilia ulikuwa unatumwa ni ya laini aliyoiacha zamani. Namba hiyo sasa ni ya mtu mwingine.

Mpaka kunakucha hatujaingia. Mnunuzi hakugomba, alifunga daftari lake akaondoka. Parachichi zile zile za Hass zikaenda kwa madalali, kwa bei ya madalali.

Ninyi mnaouza ufuta au korosho kwa stakabadhi ghalani mtanielewa haraka. Wingu halipo angani. Ni kompyuta za mtu mwingine, zimepangwa kwenye jengo lenye umeme wa uhakika na ulinzi. Unapeleka mzigo wako, unapewa njia ya kuutoa. Sasa niambie, nani kati yenu angekubali stakabadhi ya magunia yake iandikwe jina la dereva aliyeyapeleka ghalani? Hakuna. Lakini kwenye kumbukumbu tunafanya hivyo kila siku, kwa sababu tu kijana fulani "anajua mambo ya kompyuta".

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kampuni gani ni nzuri, mimi naanza na swali la akaunti. Fungua barua pepe mpya ya shamba, si yako binafsi wala ya karani. Namba ya kurejeshea akaunti iwe ya laini inayobaki kwenye biashara. Washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu ile misimbo ya akiba ichapishe kwenye karatasi na uifungie pamoja na hati ya shamba. Watu wawili wajue ilipo. Na akaunti msiitelekeze: Google, kwa mfano, inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Mkiwa na wafanyakazi watano au zaidi wanaoingiza taarifa, hapo naona ina maana kulipia huduma ya kibiashara kama Google Workspace au Microsoft 365, kwa sababu kuna msimamizi anayeweza kubadilisha nywila ya mfanyakazi aliyeondoka na kubaki na mafaili. Kwa mtu mmoja na kitalu chake, huduma ya bure inatosha kabisa.

Swali la pili ni mlango wa kutokea. Siku hizi kuna programu nyingi za simu za kusimamia shamba, zinakuja na michoro mizuri na mwezi wa majaribio. Mwezi huo utumie vizuri. Ingiza taarifa za kweli za wiki moja, kisha jaribu kuzitoa zote kwenye faili linalofunguka kwa Excel. Kama hazitoki, au mpaka uandike barua ya kuomba, achana nayo hata kama ni rahisi. Kampuni changa zinafungwa, bei zinabadilika, na ukaguzi wa GLOBALG.A.P. unataka kumbukumbu za angalau miaka miwili. Huwezi kumwambia mkaguzi kwamba programu ilikufa.

Tatu, mtandao wenyewe. Mnakumbuka Mei 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikasuasua nchi nzima. Huduma unayochagua lazima ikubali kuandika bila mtandao, kisha ipeleke taarifa yenyewe mtandao ukirudi. Majedwali ya Google yanaweza, lakini ni mpaka uwashe mpangilio huo mapema kwenye kifaa chako. Jaribu kwa kuzima data, nenda bondeni, andika upuliziaji wa mfano. Hapo ndipo programu nyingi zinaumbuka.

Nafasi na bei sitakaa nazo sana. Bila malipo Google inakupa GB 15, lakini barua pepe na picha vinakula humo humo. OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Maandishi hayajazi, picha za majani yenye ugonjwa ndizo zinazojaza, basi zipunguze ukubwa, hata bando litakushukuru. Ukianza kulipia, uliza kama bei ni ya dola. Shilingi ikishuka, bili inapanda bila wewe kuongeza hata faili moja.

Kuna anayeniambia, "Bibi shamba, kampuni kubwa haiwezi kupoteza vitu vyangu." Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto. Wateja ambao hawakuwa na nakala nyingine mahali pengine walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Na hiyo si kampuni ndogo. Mimi kila mwisho wa mwezi napakua kila kitu kwenye flashi, na flashi hailali nyumba moja na kompyuta.

Jambo moja wengi wanalisahau. Kama unanunua mazao kwa wakulima wadogo na unahifadhi majina, simu na namba zao za NIDA, tayari unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ina masharti hata kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva nyingi ziko nje. Soma mkataba wa mtoa huduma uone taarifa zinakaa wapi na nani anaweza kuziona. Kama huhitaji namba ya NIDA ya mtu, usiichukue.

Kile kikundi sasa kina barua pepe ya kikundi, na misimbo ya akiba iko kwa mweka hazina, kwenye sanduku lenye kufuli tatu la hisa zao. Karani mpya alianza kazi kwa kuandika upya upuliziaji wa msimu mzima kutoka kwenye risiti za duka la pembejeo na vijitabu vya wapuliziaji. Imemchukua wiki tatu, na tarehe nne bado hazijapatikana.