Viini vya Kompyuta na Foleni Yao

Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, hupita Makambako katika safari yake ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Baina ya stesheni na stesheni njia ni moja. Garimoshi moja likiwamo njiani, lile linalotoka upande wa pili halina budi kungoja stesheni mpaka njia iwe wazi. Kanuni hiyo hutawala pia kompyuta za leo.

Zamani kompyuta ilikuwa na kiini kimoja cha kufanyia hesabu. Siku hizi moja yaweza kuwa na viini 64 au zaidi, vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja na kutumia kumbukumbu moja. Chukulia kwamba vinahesabu magunia ya viazi yanayopokelewa Iwawa, wilayani Makete. Kiini cha kwanza kinasoma jumla: 100. Kabla hakijaandika, cha pili nacho kinasoma 100. Kila kimoja kinaongeza gunia moja na kuandika 101. Jumla ya kweli ni 102. Gunia moja limepotea, wala mashine haioneshi kosa lolote.

Katika miaka ya 1960 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alibuni kinga iitwayo semafori, jina lililotokana na ishara za reli. Kiini kinachotaka kubadili jumla hutazama ishara kwanza. Kikikuta njia wazi huingia na kuifunga, na kikimaliza huifungua. Hesabu huwa sahihi, lakini viini 63 vyaweza kubaki kwenye foleni. Kuongeza viini hapo ni sawa na kuongeza magarimoshi bila kuongeza njia.

Dawa bora ni kupunguza mawasiliano yenyewe. Kila kiini hutunza jumla yake katika kumbukumbu iliyo karibu nacho, bila kungojana na vingine. Mwishoni viini huunganisha jumla zao viwili viwili kwa wakati mmoja: jumla 64 huwa 32, kisha 16, 8, 4, 2 na hatimaye 1. Hatua 6 zatosha mahali pa 63.

Basi wingi wa viini pekee hauleti kasi. Mtunga programu hupaswa kupambanua kwanza kazi isiyoepuka ushirika na ile ambayo kila kiini chaweza kuifanya peke yake.