Jina Takatifu la Yezu

Huko Opala, kando ya mto Lomami, wazazi humpa mtoto jina lenye maana. Jina Yezu nalo lina maana: Mungu anaokoa. Malaika ndiye aliyemwambia Yosefu ampe Mtoto jina hilo.

Mlangoni pa Hekalu Petro alimwamuru kiwete asimame kwa jina la Yezu. Kiwete akasimama, akatembea. Lakini kule Efeso watu fulani walilitaja jina hilo kama uganga tu, bila imani. Mwenye pepo akawarukia. Wakakimbia uchi, wamejeruhiwa.

Basi jina la Yezu si hirizi. Mkristu halitaji bure, bali kwa imani na heshima.

Maswali
1. Jina Yezu maana yake nini?
2. Kwa nini watu wa Efeso walishindwa?