Ini la panya likinenepa: ni sumu au kazi imeongezeka?

Ndugu msomaji, wapo wanaoacha dawa kwa kusikia tu kwamba "iliharibu maini ya panya". Leo, insha-Allah, tujifunze wataalamu wanavyolitazama jambo hili.

Kabla ya kupewa binadamu, dawa hujaribiwa kwa wanyama. Ini lao hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, kisha taarifa hupelekwa kwa mamlaka inayosajili dawa.

Mfano ni fenobabitoni, dawa ya kifafa. Panya akipewa, seli za ini lake hunenepa na ini huwa zito. Sababu ni kuwa ini huongeza vimeng'enya vya kuivunja dawa hiyo, kama wapishi wa walima wanavyoongeza masufuria na mafiga. Dawa ikiachwa, ini hurudi kama awali.

Kwa hiyo wataalamu huuliza:

1. Je, kuna seli zilizokufa?
2. Je, vimeng'enya vya ini vimevujia kwenye damu?
3. Je, njia za nyongo zimeathirika?

Mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walieleza kuwa seli kunenepa, bila dalili za madhara, ni ini kujirekebisha tu. Hata hivyo, majaribio ya muda mrefu nayo huangaliwa, kwani panya waliopewa fenobabitoni kwa muda mrefu waliwahi kupata uvimbe wa ini. Kwa wagonjwa wa kifafa hilo halijathibitika.

Linganisha na sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Seli za maini yao zilikuwa zimekufa. Huo ni uharibifu. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125.

Mafunzo kwa familia zetu ni haya. Mwenye mtoto wa kifafa asikatishe dawa ghafla kwa uvumi, kwani kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Amweleze daktari dawa nyingine anazompa, maana ini lililoongeza vimeng'enya huzivunja nazo haraka. Macho yakiwa manjano, awahi hospitali. Nafaka yenye ukungu isiliwe wala kulishwa kuku. Kuipika hakuondoi sumu.

Mwili ni amana. Tuulize wenye elimu kabla ya kuamua.

Wabillahi tawfiq.