Jimbo la Ubungo: Wakazi Wake, Mipaka Yake na Kura Zake

Ukitoka Magomeni kwa Barabara ya Morogoro, ukapita Manzese na Ubungo, ukapandisha Kimara hadi Mbezi na Kibamba, umevuka majimbo mawili ya uchaguzi ambayo kabla ya 2015 yalikuwa jimbo moja. Wengi bado huyaita yote Ubungo. Kijitabu hiki kinaeleza nani wanaishi humo, mipaka ilisogezwaje, na kura zimekwenda wapi tangu mfumo wa vyama vingi urejee.

Wakazi

Manispaa ya Ubungo ilizaliwa 2016 kutoka Kinondoni na ina kata 14. Nane ziko katika jimbo la Ubungo: Ubungo, Manzese, Mabibo, Makurumla, Makuburi, Mburahati, Sinza na Kimara. Sita ziko Kibamba: Kibamba, Kwembe, Mbezi, Msigani, Saranga na Goba.

Majina hayo yamebeba maisha yasiyofanana. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, katika mradi uleule ulioboresha Manzese, mtaa uliokuwa umekwisha kujengwa kiholela. Leo Manzese imebanana, wapangaji chumba kwa chumba, biashara barazani. Kata ya Ubungo ina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Goba, Mbezi na Kwembe ni habari nyingine: mashamba ya mihogo na mikorosho yaliuzwa vipande vipande, mwajiriwa akanunua kiwanja, akajenga vyumba viwili, akahamia kabla dari halijapigwa. Huyu huamka alfajiri kuwahi mjini na kurudi usiku. Anachomdai mbunge ni maji ya bomba, barabara ya ndani isiyokatika masika, na hati ya kiwanja.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,086,912 katika manispaa hii. Haikuuliza kabila, swali hilo lilikoma baada ya sensa ya 1967. Kwa hiyo anayekuambia kuwa kata fulani ni "ya" watu wa mkoa fulani, na kwamba hiyo ndiyo siri ya kura zake, anakisia.

Kura

Mwaka 1995 uchaguzi wa Dar es Salaam ulivurugika, vifaa vikachelewa, ukafutwa na kurudiwa Novemba. Ubungo ilimchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, mwanasheria ambaye baadaye alihamia CCM. Mwaka 2000 jimbo lilikwenda kwa Charles Keenja wa CCM, aliyekuwa ameongoza Tume ya Jiji. Mwaka 2005 Keenja alimshinda kijana wa miaka 25 kutoka CHADEMA, John Mnyika.

Mnyika hakuondoka. Alishikilia hoja ya maji kwa miaka mitano, na 2010 akamshinda Hawa Ng'humbi wa CCM. Kesi ya kupinga ushindi huo ilitupwa na Mahakama Kuu Mei 2012. Jimbo lilipogawanywa 2015, yeye alikwenda Kibamba na kushinda. Ubungo ikachukuliwa na mwandishi wa habari Saed Kubenea, pia wa CHADEMA, dhidi ya Didas Masaburi aliyewahi kuwa meya wa jiji. Manispaa ilipoanzishwa, meya wake alikuwa Boniface Jacob wa chama hichohicho.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wagombea wa pande zote hupenda kulichanganya. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yaliyoanza Mei 2016, nyumba zilizobomolewa 2017 kutoka Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, na stendi ya mabasi ya Mbezi Luis iliyofunguliwa 2021, hakuna kati ya hayo lililoamuliwa na mbunge wa jimbo. Mbunge anaweza kuhoji, kubana na kupiga kelele bungeni. Si yeye anayemwajiri mkandarasi.

Mwaka 2020 CCM ilitwaa majimbo yote ya Dar es Salaam. Ubungo ilikwenda kwa Prof. Kitila Mkumbo, ambaye naye aliwahi kuwa CHADEMA na ACT-Wazalendo. Upinzani uliyakataa matokeo. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura: ilikuwa imekataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikitaka mfumo wa uchaguzi ubadilishwe kwanza. Siku hiyo kulizuka ghasia, watu waliuawa, intaneti ilizimwa na jiji likawekewa amri ya kutotembea usiku. Ukilinganisha namba za 2015 na za 2025 bila kusema haya, unalinganisha mashindano mawili tofauti.

Mipaka

Katiba, ibara ya 75, inaipa Tume ya Uchaguzi mamlaka ya kuchunguza mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka 10, na kuyagawa kwa kibali cha Rais. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, mawili yakiwa Dar es Salaam: Kivule na Chamazi. Jiji likafikisha majimbo 12. Ubungo na Kibamba hayakuguswa, na kwa hesabu ya sensa kila moja linabeba wastani wa watu 543,456. Zanzibar nzima, yenye watu 1,889,773, ina majimbo 50. Mgawo huo umetokana na Muungano na una hoja zake, lakini mkazi wa Goba ana haki ya kujua kuwa mbunge wake amegawanywa kwa watu wengi kiasi hicho.

Ukihama

Wakazi wa hapa huhama sana: chumba Manzese, kisha nyumba Goba. Taarifa zako hazihami nawe. Unapiga kura kituo ulichoandikishwa, kwa hiyo nenda ukahamishe taarifa wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inayoandikwa mtaani kila unapofika. Kadi ya mpiga kura haikuingizi humo. Orodha ya 2024 iliandikwa kwa siku kumi tu za Oktoba. Inayofuata ikitangazwa, usingoje siku ya mwisho.